Ila ya Laptopu na Hikima ya Kutoifungua

Miongoni mwa ala zilizoletwa na zama zetu majumbani na maofisini, ni chache zinazohukumiwa kwa haraka kama kompyuta mpakato, ambayo wengi tumezoea kuiita laptopu; kwani ni desturi ya mwenye nayo, pindi kibonye kimoja kinapokataa kuitika, au kioo kinapoingia giza, au sauti inapotoweka ghafla, kuitia mashine nzima hatiani kwa taksiri ya sehemu moja, na kuipeleka kwa fundi ambaye, akiwa hana spea wala wasaa, hutamka kwa mkato, "Bodi imekwenda hii, mzee," na shauri likaisha hapo. Hukumu hiyo aghalabu ni ya dhuluma. Laptopu ni jamii ya sehemu nyingi, na nyingi katika hizo zaweza kupata naibu nje ya mashine, au zaweza kunyamazishwa kwa amri ya programu, hata mwenye nayo akaendelea kuandika, kuhesabu na kupokea barua zake kwa muda mrefu bila ya kulegeza parafujo hata moja.

Sababu za kutoifungua si za woga peke yake. Mashine nyembamba za siku hizi zimefungwa kwa gundi mahali ambapo zamani palikuwa na parafujo. Betri imegandishwa kwenye bamba. Kumbukumbu ya RAM, ambayo zamani mtu aliichomoa na kuchomeka nyingine kwa vidole vyake, katika mashine nyingi imechomewa juu ya bodi yenyewe, hivi kwamba hata mwenye ujasiri wa kufungua hapati anachokitafuta. Nyaya bapa zinazounganisha kibodi na bodi ni nyembamba mno, na vibanio vyake ni vya plastiki ambayo ikishazeeka huvunjika kwa kuguswa tu. Wala simdharau fundi. Mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, huhuisha mashine ambazo huko zilikotoka zimekwisha kutupwa. Lakini mwalimu aliye Mafia au Ukerewe, ambaye ripoti yake yatakiwa Jumatatu na leo ni Ijumaa usiku, ametengwa nao na bahari au ziwa, na haja yake si kuiponya mashine bali ni kuivusha siku hizo.

Jambo la awali ni kubainisha kama ila imo katika sehemu yenyewe au katika programu inayoiamrisha, kwa sababu dalili zake hufanana ilhali tiba zake hutofautiana. Kipimo kilicho bora ni kuiwasha mashine kwa mfumo mwingine uliomo ndani ya flashi, usioigusa diski ya ndani kabisa. Mjerumani Klaus Knopper, alipotoa Knoppix mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa waliolifanya jambo hilo kuwa jepesi, wakati huo kwa CD. Na Barry Kauler wa Australia akafuata mwaka 2003 na Puppy Linux, mfumo mdogo ambao hujipakia wote ndani ya RAM na kukimbia vizuri hata katika mashine kuukuu. Sauti iliyopotea ikisikika chini ya mfumo huo wa kuazima, spika ni nzima na mkosa ni programu, wala hapana sababu ya kutumia hata shilingi. Ikiendelea kunyamaza, basi aghalabu ila ni ya sehemu yenyewe, na hapo ndipo hikima ya kuizunguka inapoanza. Nahodha ambaye usukani wa jahazi lake umevunjika katika mkondo wa Pemba hushika kasia refu akaliongoza jahazi hadi bandarini. Hafumui mbao baharini kutafuta msumari uliolegea.

Kibodi ndiyo sehemu inayoharibika mbele ya macho ya mwenyewe, kwa vumbi, kwa chai iliyomwagika, na katika miji ya pwani kwa hewa ya chumvi inayokula shaba kimyakimya. Tiba ijulikanayo na kila mtu ni kuchomeka kibodi ya nje kwa njia ya USB. Walakini tiba hiyo haitoshi pale ambapo kibonye hakikufa bali kimekwama, kwa maana kibonye kilichokwama hutoa amri yake daima, na mashine huzisikiliza kibodi mbili kwa usawa. Ctrl iliyokwama hugeuza kila herufi kuwa amri: mtu akiandika w dirisha hufungwa, akiandika p hujikuta anaulizwa habari za printa. Hapo kibonye cha zamani lazima kinyamazishwe. Programu ndogo iitwayo SharpKeys huandika katika daftari la ndani la Windows kwamba kibonye fulani kisihesabiwe, au kwamba kingine kisicho na kazi kubwa, kama Caps Lock, kitoe herufi ya kile kilichokufa. Microsoft nayo hutoa bure PowerToys, yenye kazi hiyo hiyo na sura ya kupendeza zaidi. Lakini PowerToys haishiki mpaka mtu awe amekwisha kuingia, ilhali maandishi ya SharpKeys husomwa tangu mashine inapowaka, na kwa hiyo mtu ambaye nywila yake inayo herufi iliyokufa, akiitegemea PowerToys, atabaki mlangoni. Kwa huyo upo msaada mwingine: katika pembe ya chini ya skrini ya kuingilia pana alama ya huduma za wenye mahitaji maalumu, nayo hufungua kibodi iliyochorwa juu ya skrini, ambayo hubonyezwa kwa mausi, na akishaingia ndani, Ctrl, Windows na O zikibonyezwa pamoja huileta kibodi hiyo wakati wowote.

Ikiwa kibodi nzima imeharibika hata inajiandikia yenyewe, huna budi kuizima yote. Laptopu nyingi huiunganisha kibodi ya ndani kwa njia ya kale ya PS/2, si kwa USB, na hiyo ni bahati, kwa kuwa mlango wa PS/2 waweza kufungwa pasipo kuigusa kibodi ya nje: Linux ikipewa neno i8042.nokbd wakati wa kuwaka huipuuza kibodi ya ndani moja kwa moja. Katika Windows kazi hiyo hufanywa kwa kuizima programu inayouendesha mlango huo, na hapo yafaa hadhari, maana katika mashine kadhaa padi ya kugusa hupita mlango ule ule, na mtu asiye na mausi ya nje karibu atajikuta amejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

Kisa mashuhuri kuliko vyote katika mlango huu wa kibodi ni cha Apple. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilianza kutumia kibodi nyembamba mno, ambayo utaratibu wake wa ndani ulifananishwa na mabawa ya kipepeo, na chembe moja ya vumbi ilitosha kukikwamisha kibonye au kukifanya kitoe herufi mbili kwa pigo moja. Kuibadilisha kulikuwa kazi kubwa, kwa hiyo Apple ilitoa maelekezo rasmi kwamba mwenye nayo aishike laptopu kwa pembe ya nyuzi 75, karibu na kusimama wima, aipulizie hewa ya kopo kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ailaze ubavu wa kulia apulize tena, kisha ubavu wa kushoto. Watu walicheka, na kusema kweli mandhari ya mtu mzima akiigeuzageuza mashine ya bei kubwa namna hiyo yachekesha. Lakini maelekezo yalikuwa na mantiki, kwani hapana kidole wala kitambaa kinachoweza kuifikia chembe iliyonasa chini ya kibonye kama kile. Juni 2018 kampuni ilianzisha mpango wa kutengeneza bila ya malipo, Novemba 2019 ikaanza kuurudia muundo wa zamani, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 ili kuimaliza kesi iliyofunguliwa Marekani. Ni kampuni hiyo hiyo ambayo mwaka 1980 iliuza kompyuta ya mezani iitwayo Apple III, ambayo chipu zake zililegea katika vituo vyake, na wateja wakashauriwa waiinue mashine inchi chache na kuiachia ianguke mezani ili chipu zirudi mahali pake. Ushauri huo wa pili usifuatwe kwa laptopu.

Hikima iliyo juu ya zote, hata hivyo, imo katika kumbukumbu. RAM ikiwa na ila, mashine hukwama bila ya sababu, Windows huangukia skrini ya buluu, faili iliyohifadhiwa vizuri jana hufunguka leo ikiwa imeharibika, na mwenye nayo huishia kulaumu virusi, umeme, au mtoto aliyeigusa. Mfumo wa kompyuta huigawa kumbukumbu katika kurasa, na kwa kawaida kila ukurasa una baiti 4,096. Mashine yenye GB 8 ina kurasa 2,097,152. Ukurasa mmoja tu katika hizo ukiwa mbovu, nao ukaangukia mahali pa kazi muhimu, mashine nzima huanguka, ijapokuwa kurasa milioni mbili na ushei zilizosalia ni salama kabisa. Fundi wa kawaida atasema RAM ibadilishwe, na kama imechomewa juu ya bodi atasema bodi ibadilishwe, na bei ya bodi ni karibu na bei ya mashine. Mwenye programu ya Memtest86, iliyoandikwa na Chris Brady, au ndugu yake Memtest86+, huiwasha mashine kwa flashi usiku, akalala, na asubuhi akakuta orodha ya anwani zilizoshindwa mtihani. Ikiwa anwani hizo ni zile zile kila mara, na ni chache, basi zaweza kukatazwa zisitumike.

Mholanzi Rick van Rein ndiye aliyeliletea jambo hili jina, kwa kazi yake ya Linux aliyoiita BadRAM: alidai kwamba vipande vya kumbukumbu vyenye kasoro, ambavyo watu huvitupa, vinafaa kabisa maadamu mfumo unaambiwa mapema ni mahali gani pasikanyagwe. Fikira yake imekaa. Programu ya GRUB, inayoiwasha Linux katika mashine nyingi, hupokea orodha ya anwani mbovu kwa jina hilo hilo la badram. Linux yenyewe hupokea neno memmap lenye kuweka kando eneo zima. Na Windows inayo orodha yake ya kurasa zilizokatazwa, iitwayo badmemorylist, ambayo huandikwa kwa amri ya bcdedit. Mwenye mashine hupoteza sehemu ndogo ya kumbukumbu ambayo hataiona wala kuihisi, na mashine iliyokuwa ikianguka kila siku hutulia. Kwa maoni yangu hapana jambo jingine katika habari zote hizi linaloonyesha wazi zaidi tofauti kati ya kuharibika na kutofaa.

Asiyesadiki kwamba hikima hiyo ni ya watu wazima na atazame juu. Novemba 2023, chombo cha Marekani Voyager 1, kilichorushwa tarehe 5 Septemba 1977, kilianza kuleta duniani habari zisizo na maana yoyote. Wahandisi wa maabara ya JPL huko California waligundua kwamba chipu moja yenye kubeba sehemu ya kumbukumbu ya mojawapo ya kompyuta zake ilikuwa imekufa, na kwa ajili yake asilimia 3 hivi ya kumbukumbu hiyo ilikuwa haifai. Fundi wa kumpeleka hapakuwapo. Chombo kilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, na ishara ya redio ilichukua saa 22 na nusu kukifikia. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi moja iliyo kubwa kiasi cha kuipokea programu yote iliyokuwamo katika chipu ile, waliigawa vipande, wakavipangia makazi mbalimbali katika kumbukumbu iliyo nzima, wakazirekebisha anwani zote zilizoelekeza kwenye makazi ya zamani, na tarehe 18 Aprili 2024 wakapeleka kipande cha kwanza. Tarehe 20 walipata jibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano wakajua hali ya chombo chao. Lililofanywa na mabingwa hao kwa redio ni lile lile linalofanywa na mwanafunzi wa chuo kwa mstari mmoja wa GRUB.

Chipu ya michoro nayo ina historia yake ya msiba. Chipu hiyo hupata moto mkali inapofanya kazi na kupoa inapopumzika, na kupanuka na kusinyaa kwa miaka hupasua viungo vidogo vya madini vinavyoishikamanisha na bodi. Julai 2008 kampuni ya nVidia ilitangaza kwamba ingetenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa na udhaifu wa vifaa vya kuzishikilia. Na Februari 2015 Apple ilikubali kuzitengeneza bure MacBook Pro zilizouzwa tangu mwaka 2011, za inchi 15 na 17, ambazo chipu zake za AMD zilikuwa zikionyesha mistari na kisha kiza. Mpango huo ulikoma mwisho wa mwaka 2016, na mashine nyingi zikabaki duniani zikiwa bado na ila ile. Wenye nazo walitambua jambo moja la faraja, nalo ni kwamba ndani ya processa ya Intel ya mashine zile mna chipu nyingine ya michoro, dhaifu lakini nzima. Kwa kuandika katika kumbukumbu ya kudumu ya mashine neno gpu-power-prefs, wakiiamuru isiiangalie AMD kamwe, walizirudisha mashine zao kazini. Gharama yake ilikuwapo: milango ya skrini ya nje imeunganishwa na ile chipu iliyokufa, kwa hiyo projekta na televisheni hazipati picha tena. Laptopu za Windows zenye chipu mbili huwa na njia nyepesi zaidi, kwa kuwa chipu iliyo mbovu yaweza kuzimwa katika orodha ya vifaa. Na ikiwa mashine huwaka vizuri katika hali ya usalama tu, hiyo ni dalili kubwa ya kwamba mkosa ni ama chipu hiyo ama programu inayoiendesha.

Kuhusu diski iliyoanza kuoza nasema pasipo kusita: kwanza nakili, kisha fikiri. Wengi huanza na amri ya chkdsk, ambayo ikiagizwa kutafuta sehemu mbovu huilazimisha diski mahututi kuisoma kila sehemu yake, na mara nyingine huimaliza kabla faili hazijaokolewa. Programu ya ddrescue, ya Antonio Díaz Díaz, ina adabu iliyo bora: hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zenye mashaka, na huzirudia mwishoni wakati ambapo hapana kikubwa cha kupoteza. Faili zikishakuwa salama, diski ya ndani yaweza kuachwa ifie humo humo, na mashine ikaishi kwa diski ya nje ya USB au kwa flashi yenye Linux. Mwendo wake utakuwa wa polepole kwa kiasi, lakini barua zitaandikika.

Ipo ila ndogo ambayo huwasumbua watu kupita kiasi chake, kwa sababu haijionyeshi kwa jina lake. Ndani ya laptopu nyingi mna betri ndogo ya mviringo, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuitunza saa mashine inapokuwa imezimwa. Ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi kila mara umeme unapokatika, na mwenye nayo haoni saa bali huona intaneti imegoma: kila tovuti ya benki au ya barua pepe hukataliwa, kwa sababu hati za usalama za tovuti zina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na mashine inayodhani kwamba huu ni mwaka 2012 huziona zote kuwa bado hazijaanza. Huyo hununua bando jipya, hulaumu mtandao, huweka upya Windows. Tiba ni kuisahihisha tarehe kwa mkono, kisha kuiacha mashine ijisawazishe na saa ya mtandaoni. Na utaratibu huo usigeuzwe, kwani Windows ya mashine ya mtu binafsi, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukataa kuisahihisha saa iliyopotoka kwa zaidi ya saa 15. Linux za siku hizi zina busara zaidi, maana nyingi huandika diskini saa ya mwisho ziliyoijua na kuanzia hapo. Fauka ya hayo, katika mashine nyingi saa hunyonya pia kwenye betri kubwa, kwa hiyo anayeilaza laptopu yake badala ya kuizima, na asiyeiacha ikauke kabisa, hatauona usumbufu huo.

Chaja nayo huleta fumbo lake. Laptopu nyingi za Dell huitambua chaja kwa pini ya katikati, ambayo ndani ya chaja imeungana na chipu ndogo yenye kutaja wati zake. Pini hiyo ikipinda au waya wake ukikatika, mashine hutangaza kwamba haiijui chaja iliyochomekwa, hukataa kuijaza betri, na hujipunguzia kasi hata kufungua barua moja kukawa kazi ya kusubiri. Mwenye nayo huona mashine imezeeka, kumbe imejifunga breki. Jaribu chaja nyingine kwanza. Kasi ikibaki duni baada ya hapo, programu ya ThrottleStop huonyesha kama ishara iitwayo BD PROCHOT ndiyo inayoishikilia processa, na huruhusu kuiondoa. Ishara hiyo lakini iliwekwa kwa ajili ya usalama, na asiondoe mtu asiyetazama kwanza joto halisi la processa: ikiwa linasoma nyuzi 45 na kasi imefungwa, ishara ni ya uongo, ikiwa linasoma 95, ishara ni ya kweli na tatizo ni feni au vumbi. Kwa mashine inayochemka, mpangilio wa umeme wa Windows wenye kuiwekea processa kikomo cha asilimia 99 badala ya 100 huizuia isipande kwenye kasi yake ya juu kabisa, na joto hushuka zaidi kuliko mtu angedhani kwa asilimia moja.

Yaliyosalia nayapitia kwa ufupi. Kioo kilichoingia giza kimulikwe kwa tochi kwa upembe. Ikiwa maandishi yaonekana kwa mbali, taa ya nyuma ndiyo iliyokufa, na televisheni yoyote yenye HDMI, pamoja na vibonye vya Windows na P, itatosha. Mashine inayolala yenyewe ilhali imefunguliwa yadhani imefunikwa, kwa kuwa kitambuzi chake cha sumaku kimepotoka, nayo yaweza kuamriwa ipuuze kufunikwa. Waifai iliyokufa huzibwa na simu iliyounganishwa kwa waya wa USB, na simu za Android huweza kuipitishia laptopu hata Waifai ya nyumbani, si bando pekee. Sauti hupatikana kwa kadi ndogo ya USB au spika ya Bluetooth. Kitufe cha kuwashia kikifa, wengi hukata tamaa, na hali mipangilio ya ndani ya mashine nyingi ina kipengele cha kuiwasha mara chaja inapochomekwa, au kwa saa maalumu ya asubuhi kama kengele.

Mpaka wa haya yote ni betri iliyovimba. Betri za lithiamu zikiharibika hutoa gesi na kufura, na kwa kuwa katika laptopu nyingi betri hukaa chini ya padi ya kugusa, dalili ya kwanza huwa ni padi isiyobonyezeka, au iliyoinuka upande mmoja, au kifuniko kisichofungika sawasawa. Mtu aliyezoea hikima ya kuzunguka atachomeka mausi na kuendelea, na huko ndiko kujiangamiza, kwani anachokizunguka ni kitu kiwezacho kuwaka moto kitandani. Mashine hiyo izimwe, chaja ichomolewe, isibonyezwe wala kutobolewa, na ipelekwe kwa fundi mjuzi kuondolewa betri. Vivyo hivyo mashine iliyotoa harufu ya kuungua, au iliyonyweshwa maji na bado haijakauka: kuiwasha ili kuona kama inafanya kazi ndiko kunakoimaliza.

Neno langu la mwisho ni kwa wale wanaouza. Laptopu iliyozungukwa ila yake huonekana nzima kabisa mbele ya mnunuzi, na biashara ya mashine kuukuu katika miji yetu imejaa mashine za namna hiyo; lakini yale maneno yaliyoandikwa katika kumbukumbu ya MacBook ya mwaka 2011 hufutika mara tu mtu anapoirudisha mipangilio yake ya awali, na ile orodha ya kurasa zilizokatazwa hupotea mnunuzi anapoweka upya Windows, na siku hiyo kioo hurudi kuwa cheusi na mashine hurudi kuanguka mikononi mwa mtu asiyejua kwa nini. Muuzaji anayejua ila ya bidhaa yake ni wajibu wake kuitaja na kuipunguzia bei. Basi chukua karatasi ndogo, andika ni sehemu gani imezungukwa na kwa amri gani, uigundishe chini ya mashine, nawe mnunuzi, kabla hujatoa fedha, igeuze mashine utazame kama karatasi hiyo ipo.